Siku Mbili Lisbon

Mgeni mwenye siku mbili tu katika Lisbon, mji mkuu wa Ureno, ataona mengi.

Siku ya kwanza na apande mpaka kanisa la Carmo. Liliangushwa na tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755, na matao yake yangali yamesimama bila paa. Kisha ale bacalhau, yaani samaki wa bahari baridi za kaskazini, aliyekaushwa kwa chumvi mfano wa ng'onda wetu, naye hulowekwa majini kabla ya kupikwa.

Siku ya pili aende Belém, kando ya mto Tejo. Hapo ndipo Vasco da Gama alipotweka tanga mwaka 1497, akafika Malindi mwaka 1498. Kaburi lake limo katika kanisa la monasteri ya Jerónimos, lililojengwa kwa ushuru wa biashara ya Afrika na Mashariki. Mawe yake yamenakshiwa ajabu. Lakini mwaka 1505 Wareno waliiteketeza Mombasa.

Jirani huuzwa mikate midogo ya mayai na maziwa, tangu mwaka 1837, nayo hunyunyiziwa mdalasini. Basi na aile kwa shukrani, akikumbuka kwamba viungo hivyo ndivyo vilivyowaleta Wareno katika bahari yetu.