Ukurasa Tulioficha



Likizo iliyopita sisi mafrateri wawili tulitumwa kufanya utume Ilagala, wilaya ya Uvinza, pale mto Malagarasi unapokaribia kuingia Ziwa Tanganyika. Asubuhi tulitembelea wagonjwa na jumuiya ndogondogo, na Jumamosi alasiri tulikabidhiwa watoto wa Utoto Mtakatifu. Katekista alitutahadharisha mapema: "Nyimbo wanazijua zote. Watafutieni kitu kingine."

Kwenye begi tulikuwa na kitabu kimoja cha picha tulichopewa zawadi: Fresh Fish, cha John Kilaka, mchoraji na msimulizi wa hadithi Mtanzania. Nakala yetu ilikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo mmoja wetu alikishika wazi kuwaelekea watoto, na mwingine akasimulia kwa Kiswahili. Hatukuwa na kazi kubwa. Sokwe amevua samaki wake anataka kuwapeleka sokoni, na mbwa mlafi anawamezea mate. Watoto wa Ilagala samaki wanawajua kuliko sisi. Kabla hatujafungua ukurasa wa tatu walikuwa wanabishana kama wale ni migebuka au kuhe.

Kisha mmoja akauliza nani amechora. Tukawaambia ni Kilaka, lakini uchoraji wa namna hii ulianzishwa na mtu mwingine, jina lake Edward Saidi Tingatinga. Wakaangua kicheko. Kwao tingatinga ni ile mashine ya kuchonga barabara. Mtu anaitwaje tingatinga?

Kicheko kile ndicho kilichotupa wazo. Kitabu cha watoto juu ya maisha ya mchoraji huyu hatukuwa nacho, basi tukatengeneza chetu: karatasi mbili zilizokunjwa katikati na kushonwa kwa uzi, kurasa 8, picha za penseli zilizopakwa rangi. Ukurasa wa kwanza, mtoto anazaliwa mwaka 1932 huko Tunduru, kusini. Halafu kijana yuko Tanga katika mashamba ya mkonge. Halafu yuko Dar es Salaam, mtumishi katika nyumba ya Mzungu. Mwaka 1968 hivi anaanza kuchora. Hana turubai wala rangi za wasanii, anatumia vipande vya ubao mwembamba wa dari, mraba wa kama sentimita 60, na rangi ya mafuta ya kung'aa, ile inayopakwa baiskeli. Anachora twiga, chui na ndege, na picha zinauzwa nje ya maduka ya Morogoro Stores, Oyster Bay. Baadaye anapata kazi hospitali ya Muhimbili na bado anachora. Ukurasa wa mwisho, wageni wananunua picha zake. Mwisho.

Jumamosi iliyofuata watoto walikuja wengi kuliko kawaida. Ilikuwa siku za mbalamwezi, dagaa hawavuliki vizuri, na hata baba zao walikuwepo kijijini. Mvuvi mmoja alitupa mabaki ya rangi ya mtumbwi wake, ya bluu na nyeupe. Tukakata maboksi, watoto wakachora kwa vijiti vilivyotafunwa ncha. Wengi walichora twiga, mnyama ambaye hawajapata kumwona. Ila kijana mmoja alijaza boksi lake vidoa vyeupe tupu. Tulidhani anachezea rangi. "Ni dagaa wameanikwa mchangani," alisema, na tulipotazama tena, kweli, walikuwa dagaa.

Huyo huyo wa dagaa ndiye aliyeuliza: "Frateri, yule Tingatinga yuko wapi sasa?"

"Alifariki."

"Alikufaje?"

Tukatazamana. Ukweli ni kwamba Tingatinga alikufa mwaka 1972, usiku, Dar es Salaam, kwa risasi ya polisi waliodhani wanafukuza mhalifu. Alikuwa amechora kwa miaka minne hivi tu. Sote wawili tulilijua hilo tulipokuwa tunashona kitabu, na hatukulichora. Mmoja wetu akajibu, "Aliugua." Mwenzake akanyamaza, yaani naye alijibu hivyo hivyo.

Jumamosi ya tatu mtoto alirudi. Alikuwa amemwuliza kaka yake mwenye simu, na kaka ametafuta. Hakutushutumu. Alisema tu, "Kaka anasema alipigwa risasi. Labda kaka amekosea."

Ndugu wasomaji, tulikuwa tumekaa ndani ya kanisa la kigango kwa sababu ya mvua. Juu ya vichwa vyetu, ukutani, zilining'inia picha 14 za Njia ya Msalaba. Kila Kwaresima watoto wale wale wanapita chini ya picha hizo: mtu asiye na hatia anahukumiwa, anaanguka, anavuliwa nguo, anapigiliwa misumari. Hicho ndicho kitabu cha picha walichokizoea kuliko vyote, na hakuna katekista anayeruka kituo cha kumi na mbili akasema Bwana aliugua. Sisi tuliruka. Tuliona aibu mbele ya watoto.

Tukawaambia: kaka hakukosea, sisi ndio tulidanganya, tunaomba msamaha. Tukasimulia kwa maneno machache jinsi ilivyokuwa. Hawakulia wala hawakuogopa kama tulivyofikiri. Lakini msichana mmoja, wa miaka kama tisa, akasema kwa sauti ndogo: "Na mimi waliniambia baba amesafiri."

Hapo hatukuwa na jibu. Jioni katekista alitueleza kwamba baba yule alizama ziwani miaka miwili iliyopita, na bibi anayemlea mtoto hakuwahi kumwambia. Kesho yake tukaenda kwa bibi. Alikuwa anakamua mawese, hakuacha kazi. "Shikamoo, bibi." "Marahaba. Ninyi ndio mmeanza kufukua makaburi?" Tuliinamisha vichwa. Alikuwa na haki: tuliwafungulia watoto mlango bila kuwauliza wenye nyumba. Tulimwomba radhi. Baada ya kimya kirefu akasema amekuwa akitafuta maneno tangu siku ile na hayapati. Hatukumpa maneno. Tulimsaidia kubeba madumu, tukasali naye, tukaondoka. Alimwambia mjukuu wake mwenyewe, kwa siku aliyoichagua mwenyewe.

Kabla hatujaondoka Ilagala tulifumua uzi na kuongeza karatasi moja kwenye kitabu. Ukurasa wa 9 una usiku na gari, basi. Ukurasa wa 10 tuliwaachia watoto waamue. Tuliwaambia kwamba Tingatinga alikuwa amewafundisha vijana wachache, kina January Linda, Ajaba Mtalia na Simon Mpata, na kwamba hawa hawakuweka brashi chini alipokufa. Kazi yao ilizaa ushirika wa wachoraji wa Tingatinga, uliopo hadi leo. Watoto wakachora watu wameinama juu ya mbao zao. Msichana yule naye alichora. Mmoja wa watu wake hana ubao, amekaa ndani ya mtumbwi. Hatukuuliza.

Kitabu tumekiacha kwa katekista. Nasi tumerudi seminarini na funzo la kutufaa siku tutakapopanda mimbarini: kabla ya kuwafundisha watoto, tuzungumze na walezi wao, na mtoto akiuliza, tusimdanganye. Wazazi na walezi mnaosoma hapa, kama kuna ukurasa mmeuficha nyumbani, mmtafute mtu wa kuwasindikiza, kisha mfumue uzi taratibu.