Mlima Uliofunikwa Shuka

Familia moja ya Kitanzania inayoishi Ujerumani ilipitisha likizo ya Agosti nchini Uswisi, ikizunguka milima na maziwa kwa gari. Baba, mtu wa Iringa, ndiye aliyeshika usukani. Mama ni mzaliwa wa Machame.

Mpakani walinunua stika ya barabara kuu, faranga 40 kwa mwaka, wakaibandika kwenye kioo. Kutoka Luzern waliambaa na ziwa, wakapita Andermatt na kuanza kupanda barabara ya mlimani ya Furka. Barabara hiyo hufika mita 2,429 juu ya bahari, na majira ya baridi theluji huifunga kabisa. Baba, aliyezoea kona za mlima Kitonga wa kwao tangu ujana, alinyamaza na kushika gia ya pili. Mara ikasikika honi ya sauti tatu: basi la njano la posta lilikuwa linakuja. Kwenye njia hizi za milimani, dereva wa basi hilo ndiye mwenye kauli. Akikuashiria urudi nyuma, unarudi. Baba akarudi, taratibu, mpaka basi likapita. Laiti Kitonga nayo ingekuwa na utaratibu kama huo!

Upande wa pili wa kilele imesimama hoteli ya Belvédère, iliyojengwa 1882 na sasa imefungwa. Enzi zake wageni waliijia barafu ya Rhône, iliyokuwa jirani kabisa. Katikati ya karne ya 19 ulimi wa barafu hiyo ulifika hadi bondeni, Gletsch. Leo umepanda juu, na mbele yake pamezaliwa ziwa la maji yaliyoyeyuka. Wenyeji huchonga pango ndani ya barafu kwa ajili ya watalii, na kila kiangazi hulifunika kwa vitambaa vyeupe ili jua lisilimalize haraka.

Watoto walikimbilia pangoni. Mama alibaki nje akitazama vile vitambaa, vimechanika na kuchafuka, kama shuka za mgonjwa wa siku nyingi. Alikulia chini ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, akiuona weupe wake kila asubuhi kabla mawingu hayajafunga. Tangu 1912 Kibo imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake, na kule hakuna wa kupanda na shuka.

Walishuka kwa njia ya Grimsel hadi ziwa Brienz. Maji yake ni ya kijani-samawati, kwa sababu mito huleta unga wa mawe yaliyosagwa na barafu. Huko ndiko walikolala.

Kulipokucha mama alipiga simu Machame.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Mmeamkaje huko?”

“Salama. Mama, hebu toka nje uniangalizie Kibo.”

Mlango ulisikika ukifunguliwa, na kuku wakilia uani.

“Kuna mawingu, mwanangu. Nipigie jioni.”