Kioo cha Simu na Vumbi la Ukambani

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Siku hizi mwenye simu ya kupapasa anaujua ukweli wa methali hii kuliko hata mwashi. Ufa mmoja kwenye skrini na basi, umeingia gharama ambayo hukuipangia.

Kabla sijaendelea, walimu wangu wapendwa, msishtuke. Najua simu ni marufuku shuleni, na mimi sina. Ninayoyasimulia niliyapata likizo ya Agosti mjini Wote, Makueni, katika kibanda cha mjomba wangu ambaye ni fundi wa simu. Karo yangu hutoka papo hapo kibandani, na muhula wa pili nilikuwa nimeufunga nikiwa na deni. Kwa hivyo kazi ile kwangu haikuwa mchezo.

Watu wengi hudhani kubandika protekta ya skrini ni kazi ya kitoto. Unabandua karatasi, unalaza kioo, unapokea pesa. Thubutu! Jaribu siku ya soko mwezi wa Agosti uone. Kwetu Ukambani mvua ya kutegemewa ni ile ya Oktoba hadi Desemba. Ikifika Agosti ardhi imekauka kau, na kila matatu inayopita inaacha wingu jekundu nyuma yake. Vumbi hilo halichagui, linaingia kwenye chai, kwenye nywele na kwenye simu. Chembe moja tu, ndogo kuliko punje ya wimbi, ikibaki katikati ya skrini na protekta, kioo hakilali. Kinainuka pale kama hema juu ya mti wake, na hewa inakaa pembeni. Hivyo ndivyo viputo huzaliwa, ambavyo wateja wetu waliviita malengelenge.

Mjomba alinifundisha kuwa viputo ni vya aina mbili. Kuna cha hewa tupu. Hicho ukikisukuma kwa kadi kutoka katikati kwenda ukingoni, kinatoka, na vile vidogo sana hupotea vyenyewe baada ya siku moja mbili. Cha pili kina nukta katikati. Hicho hata ukikisukuma hadi jogoo awike, wapi! Dawa yake ni kuinua kioo polepole, kuinasa ile chembe kwa ncha ya seloteipu, kisha kulaza tena.

Na mikwaruzo je? Hapa ndipo nilipokumbuka somo la jiografia. Mjerumani Friedrich Mohs alipanga mwaka 1812 kipimo cha ugumu wa madini, kutoka 1 hadi 10, almasi ikiwa kileleni. Kioo cha kawaida kiko kati ya 5 na 6. Cha simu huongezewa nguvu kiwandani, lakini madini ya kwatsi yana 7, na kwatsi ndiyo iliyojaa katika mchanga wa mito yetu, ule uliobebwa na malori miaka mingi kwenda kujenga Nairobi. Basi ukiipangusa simu yenye vumbi kwa suruali au leso, unaipiga msasa. Tena ajabu ni kwamba kioo chenyewe hupikwa kutokana na mchanga. Ama kweli kikulacho ki nguoni mwako!

Mtauliza, mbona pakiti ya protekta imeandikwa 9H? Wateja wengi hudhani ni ile 9 ya Mohs, jirani ya almasi. La hasha. Hicho ni kipimo cha penseli. Sisi tuliofanya KCPE tunaijua penseli ya HB. 9H ni penseli ngumu mno, na maana yake ni kwamba penseli hiyo haikikwaruzi kioo. Mchanga bado unakikwaruza. Mjomba hakumwambia mteja yeyote kwamba anamuuzia chuma. Alisema wazi, "Hiki kazi yake ni kuumia badala ya skrini."

Utaratibu wetu ulikuwa hivi. Asubuhi tulinyunyiza maji sakafuni ili vumbi litulie. Mikono tuliiosha na kuikausha. Skrini tuliipangusa kwa spiriti, tukaikausha kwa kitambaa laini, kisha tukaidonoa kwa seloteipu kona hadi kona. Kioo tulikipima juu ya skrini kikiwa bado na karatasi yake, tukakishika upande mmoja kwa seloteipu kama mlango na bawaba zake. Hapo ndipo karatasi ilipobanduliwa. Unafunga mlango wako, unagusa katikati kwa kidole kimoja, na unaiacha gundi itembee yenyewe. Kubandika kwenyewe ni nusu dakika. Kutayarisha ni dakika kumi.

Dakika hizo kumi ndizo zilizotutia hasarani siku moja. Upepo ulikuwa umechachamaa, akaja bwana mmoja mwenye haraka. Mjomba akamwomba asubiri upepo upungue. Bwana yule akasonya, akaenda kibanda cha jirani. Mimi roho iliniuma, maana nilikuwa nahesabu karo kichwani.

"Mjomba, mbona umemwacha aende?"

"Mpwa wangu, akirudi hapa na malengelenge nitampa kioo cha pili bure. Sasa hapo faida iko wapi?"

Nikanyamaza. Bwana yule hatukumwona tena, na pesa zake hatukuzipata. Lakini jioni walikuja akina mama wawili waliosema wametumwa na jirani yao, ambaye simu yake tuliibandika mwaka uliotangulia na bado ilikuwa safi.

Wiki ya mwisho ya likizo nilivuka kwenda Kitui, upande wa Mutomo, kumwona nyanya yangu, ambaye kwa Kikamba twamwita Susu. Mjomba alinipa protekta ya simu yake. Susu haitumii simu kwa mapambo. Pesa za dawa huingia kwa M-Pesa, na shangazi yangu aliye Saudia humpigia Jumapili wakaonana uso kwa uso. Skrini ikifa, vyote vimekufa.

Kule hakukuwa na kibanda. Nilifunga mlango na dirisha, nikachemsha sufuria ya maji chumbani mvuke ulituze vumbi, nikaiepua na kungoja. Susu akaketi akinitazama. "Mjukuu wangu, unapika simu?" Tukacheka. Kioo kililala bila kiputo. Mikwaruzo midogo ilifunikwa na gundi isionekane, ila mmoja mrefu ulibaki, nami nikamweleza kwamba huo uko kwenye skrini yenyewe, haufutiki. Jumapili shangazi alipopiga, Susu aliisogeza simu karibu na macho, wakazungumza hadi giza likaingia.

Wenzangu, haraka haraka haina baraka. Ukibandika, safisha kwanza, kisha safisha tena. Na protekta ikipata ufa ibadilishe mapema, kwani imekwisha kuumia kwa niaba yako. Naishia hapo, wino umeniishia.