Jina la Khanga



Mara nyingi magazeti hutuletea habari za arusi: nani ameoa, nani ameolewa, na wali uliopikwa ulitosha watu wangapi. Habari za siku ile moja ni nyingi, lakini habari za siku elfu ziifuatazo ni chache, kana kwamba mapenzi huliwa pamoja na wali wa arusi yakaisha. Leo naomba nafasi nieleze jambo dogo lililotukia nyumbani mwangu. Jambo lenyewe laniaibisha. Walakini mwalimu asiyekubali kusahihishwa hana haki ya kushika kalamu nyekundu.

Mimi ni mwalimu katika milima ya Usambara, nami na mke wangu tumekaa pamoja miaka 12. Tunaye mtoto mmoja, binti wa miaka 9. Baada yake mke wangu alichukua mimba mara mbili, na mara mbili zikaharibika. Ya pili ilikuwa mwaka uliotangulia habari hii. Hatukulizungumza sana jambo hilo. Mimi nilidhani ya kuwa kunyamaza ni kumpumzisha. Yeye, kama nilivyojua baadaye, alidhani ya kuwa ni kumlaumu. Tena shangazi yangu alikuja kututazama, akasema mbele yake, kwa mafumbo, ya kwamba chungu hakikai juu ya figa moja. Mke wangu akatabasamu kwa adabu, akaenda zake jikoni. Mimi sikusema neno.

Basi, mwisho wa mwezi mmoja nilishuka Korogwe kwa haja zangu, na fedha za mshahara mfukoni. Nilipokwisha kununua chumvi, sabuni na mafuta ya taa, nikakumbuka ya kuwa tangu Pasaka sijamletea mke wangu zawadi yo yote. Nikaingia duka la nguo. Gari lilikuwa limekwisha kupiga honi mara ya pili. Nikaona doti moja ya khanga, nyekundu iliyoiva, yenye pindo jeusi na maua meupe. Nikalipa, nikaitia kikapuni, nikakimbia.

Kila msomaji ajua ya kuwa khanga ina mambo matatu: pindo lizungukalo pande zote nne, mji ulio katikati, na jina liandikwalo ndani ya mji karibu na pindo la chini. Zamani majina hayo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha yakaandikwa kwa herufi za Kirumi hata wengi wakaweza kuyasoma. Pindo na mji ni vya macho. Jina ni la moyo. Kwa jina la khanga mwanamke aweza kumshukuru mumewe, kumwonya jirani, au kumjibu wifi, bila kufumbua kinywa. Nami nishindaye nikifundisha watoto kusoma, sikulisoma.

Usiku ule mke wangu aliipokea kwa furaha. Akaisifu rangi. Kisha akaikunjua yote, akaisogeza karibu na taa, akasoma polepole. Uso wake ukabadilika. Akaikunja tena, kunjo juu ya kunjo, akasema, “Ahsante, Bwana Mwalimu.”

Sasa, mke wangu huniita Mwalimu tu. Hilo Bwana huliongeza siku ya hatari. Kwa siku tatu chakula kiliiva kwa wakati wake, shati langu lilipigwa pasi, maji ya kuoga yalikuwa ya moto. Lakini nyumba ilikuwa kimya kama darasa siku ya mtihani.

Siku ya nne nikaenda kwa jirani yetu. Ni mzee aliyekuwa fundi seremala, umri wake umepita miaka 70, na ndoa yake imepita miaka 45. Kila jioni, mkewe arudipo shambani, mzee huyu hutoka na mkongojo wake akamngoja penye mteremko ili ampokee jembe. Ni jembe tu. Mzigo wa kuni hauwezi tena. Kisha hurudi pamoja polepole, bibi akimsimulia habari za maharage, naye akiitikia kana kwamba hajapata kusikia habari za maharage tangu kuzaliwa kwake. Vijana huwacheka. Mimi nami nimepata kuwacheka.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Keti. Uso wako si wa mtu aliyekuja kuazima msumeno.”

Nikamweleza. Akauliza, “Hiyo khanga jina lake lasemaje?”

“Sikulisoma.”

Akanitazama kitambo kirefu. “Mwanangu, kila jioni wasahihisha madaftari ya watoto wa watu, herufi kwa herufi. Mkeo umempelekea barua, nawe hujui ulilomwandikia?”

Nikarudi nyumbani mke wangu akiwa kisimani, nikafungua sanduku, nikasoma: KIPYA KINYEMI INGAWA KIDONDA.

Methali hii mwaijua: kitu kipya hupendeza, hata kikiwa kidonda. Nikaketi kitandani, khanga magotini. Mke wa miaka 12, aliyepoteza mimba mbili, aliyesikia maneno ya figa na mumewe asimtetee; kisha mume yule yule aingia usiku, anacheka, na neno hilo mkononi. Angefahamu nini ila ya kwamba natafuta kipya?

Aliporudi nikamfuata jikoni, nikaketi juu ya kigoda penye moshi, nikamwambia yote.

“Hukusoma?” akauliza.

“Sikusoma.”

“Wewe?”

“Mimi.”

Akajizuia asicheke, akashindwa. Na katika kucheka kule machozi yakamtoka. Kisha akasema, “Mwalimu, khanga haikuniliza. Khanga ilitamka tu lile nililokuwa nikilisikia katika kimya chako.” Hapo ndipo tulipozungumza, kwa mara ya kwanza, habari za watoto wale wawili tusiowaona. Alikuwa amewapa majina moyoni mwake, nami sikujua. Tukakaa hata moto ukazimika, na ugali ukaungua chini.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kwa shangazi. Nikamwambia kwa heshima zote ya kuwa nyumba yangu ina mafiga matatu, yaani mimi, mke wangu na binti yetu, na chungu chetu hakijamwagika. Hakupendezwa, lakini tangu siku ile fumbo lile hakulirudia.

Wasomaji, Mwana Kupona binti Msham wa Pate, hali yeye mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi mwaka 1858, akamwusia jinsi mke impasavyo kumtunza mumewe: amwage aondokapo, amlaki arudipo, aangalie raha ya usingizi wake. Utenzi huo nimeueleza darasani mara nyingi, nikiwatazama wasichana tu. Sikufikiri ya kuwa mwanamume naye huweza kuaga, kulaki na kuangalia. Mzee wangu seremala hajausoma, lakini sehemu yake aitimiza kila jioni penye mteremko. Sisi tuliofika shule twadhani mapenzi ni maneno makubwa ya siku ya arusi. Kumbe yaweza kuwa jembe moja lililopokewa kwa wakati wake, au neno moja lililosemwa mbele ya shangazi, siku lilipohitajiwa.

Khanga ile hatukuirudisha dukani. Mke wangu huivaa jikoni, na jina lake limekwisha kufifia kwa moshi na sabuni. Lakini nikileta nyumbani kitu cho chote kipya, kama ni jembe, kama ni sufuria, hunitazama kwa upande wa jicho akasema, “Kipya kinyemi,” nasi twacheka, na binti yetu hutuuliza kuna nini. Nami nitokapo shuleni hupita njia ya kisimani. Nikimkuta, nampokea ndoo. Wanafunzi wangu wakiniona hujificha nyuma ya migomba wakacheka. Nawaache wacheke, baadhi yao watakumbuka.

Mwezi huu nimekwenda tena Korogwe, nikamletea khanga nyingine. Mwenye duka alichoka nami, maana nilizikunjua doti 11, nikasoma majina yote kwa sauti, hata watu wakasimama mlangoni kunisikiliza. Ile niliyoichagua yasemaje ni siri ya watu wawili. Walakini kwenu, ndugu zangu waume, nina shauri moja: kabla hamjalipa, someni.