Nyota za Varamin katikati ya London

Kituo cha treni cha South Kensington kina njia ya chini kwa chini inayokufikisha Makumbusho ya Victoria na Albert bila kuguswa na tone la mvua. Kiingilio ni bure. Wageni wengi wa chumba namba 42, Ukumbi wa Jameel, hulikimbilia zulia la Ardabil, nalo linastahili. Lakini baada ya zulia, tafadhali usitoke. Nenda kwenye vigae.

Vigae hivi ni kazi ya mafundi wa Kashan, mji wa Uajemi uliopakana na jangwa. Vilichomwa mwaka 1262 kupamba kaburi la Imamzadeh Yahya, mjukuu wa mbali wa Imamu Hassan, huko Varamin, kusini-mashariki ya Tehran. Vya nyota vina ncha nane na upana wa sentimita kama 31. Vya umbo la msalaba huingia kati ya nyota na nyota bila kuacha pengo.

Sogea karibu na nyota moja tu. Uwanja wake ni hudhurungi yenye dhahabu, na ndani yake maua na majani yameachwa meupe. Ukingoni mwandiko umeizunguka nyota nzima: aya za Kurani, kwa mkono mwepesi wa mtu aliyezizoea. Hapana mtu wala mnyama, maana hapa ni penye kaburi na sala. Miaka michache baadaye, katika kasri la mtawala wa Kimongolia Abaqa Khan huko Takht-i Sulayman, vigae vilijaa majoka na ndege wa hadithi.

Sasa piga hatua moja kulia. Hudhurungi inageuka dhahabu. Rudi kushoto, dhahabu inazimika. Nimewahi kuona picha nyingi za vigae hivi vitabuni na hakuna hata moja inayoonyesha jambo hili, kwa kuwa mng'aro wake unamfuata mtazamaji anavyotembea. Fikiria kaburini, taa za mafuta zikicheza na mahujaji wakipita.

Siri ya mng'aro huo tunaijua kwa sababu ukoo wa Abu Tahir, waliokuwa mabingwa wa Kashan kizazi baada ya kizazi, ulimtoa mtoto mmoja aliyeshika kalamu badala ya udongo. Mtoto huyo, Abu'l-Qasim, aliandika kuhusu kazi ya ukoo wake mwaka 1301. Mawe meupe yalisagwa yakawa unga, udongo ukaongezwa kidogo tu. Kigae kilichomwa kwanza na rangi nyeupe ya kioo yenye bati. Kikishapoa, fundi alichora juu yake kwa mchanganyiko wenye fedha na shaba, akakirudisha katika tanuri lililobanwa hewa, kwenye moshi mwepesi wa saa 72. Kilitoka kimefifia. Kilisuguliwa kwa udongo mbichi, ndipo dhahabu ikajitokeza, ingawa hamna dhahabu hata chembe.

Vigae vya Varamin vilichomwa miaka minne tu baada ya Wamongolia kuiteketeza Baghdad, mwaka 1258. Mimi hilo linanigusa kuliko mng'aro wenyewe.

Nasi wa pwani hatuko mbali na habari hii. Vipande vya vyombo vya eneo la Ghuba ya Uajemi vyenye rangi ya feruzi vimefukuliwa Manda, Shanga na Kilwa, na wazee wetu walipachika mabakuli ya kauri ya ng'ambo kwenye nguzo za makaburi, kama pale Kunduchi. Kumpamba marehemu kwa kitu king'aacho tunakujua.

Turudi London. Robert Murdoch Smith, mwanajeshi Mskoti aliyesimamia laini ya telegrafu Uajemi, aliinunulia makumbusho hii mkusanyo mkubwa wa sanaa za Kiajemi, ukaonyeshwa hapa mwaka 1876. Vigae vya Varamin navyo vimetawanyika dunia nzima. Mihrabu ya kaburi la Imamzadeh Yahya, ya mwaka 1265, kazi ya Ali wa ukoo uleule wa Abu Tahir, iko Honolulu. Nafurahi kwamba vimetunzwa vizuri. Hata hivyo, kaburi lenyewe bado limesimama na watu bado wanalizuru, kuta zake zikiwa tupu, na kila anayevisifu vigae hivi anapaswa kulijua hilo.

Siku za Ijumaa makumbusho hukaa wazi hadi saa nne usiku, na jioni ukumbi hupungua watu. Nenda saa hizo. Na safari ikikufikisha Tehran, usirudi bila kupita Varamin.