Safari ya treni, sehemu ya 3: Kwa nini treni na si basi

Nimetoka zamu ya usiku, watoto wako shule, nimekaa barazani hapa Majengo na chai yangu. Wengi mmeniuliza, "Nesi, ile safari ya treni bado ipo?" Ipo. Leo nawaambia kwa nini nimeing'ang'ania, maana sababu si milima peke yake.

Kwa wageni: mwanangu wa pili ana miaka 8 na ana selimundu, wengi tunaita sikoseli. Tanzania inakadiriwa kuzaliwa watoto 11,000 hadi 14,000 wenye ugonjwa huu kila mwaka, kwa hiyo najua humu tuko wengi. Songea hatuna reli. Ile ya Mtwara hadi Mbamba Bay tunaisikia kwenye mipango tu. Treni yeye anaijua kwa picha ya kitabuni, na swali lake kila siku ni moja: "Mama, inapitaje ndani ya mlima?"

Sasa mwenzenu nikiri jambo.

Mwaka juzi tulikuwa tunampeleka kliniki Dar kwa basi. Tuliondoka alfajiri. Mnajua mambo ya basi: dereva hasimami ovyo, na mtoto akibanwa mkojo abiria wote wanakugeukia wewe mama yake. Nikafanya tunachofanya wengi, nikampunguzia maji. "Lowesha mdomo tu baba, tukifika utakunywa." Tulipopita Njombe na baridi lake, sweta liko kwenye begi, begi liko kwenye buti. Hatujafika Makambako akaanza kulia miguu.

Mimi, nesi, ninayewaambia mama wodini kila siku "mtoto huyu maji, maji, maji", nilikuwa nimemnyima mwanangu maji ili tusisumbue watu. Tulishuka Makambako, akalazwa siku nne na dripu. Safari ya Dar ikafia hapo. Usiku wa tatu maumivu yamepungua, tukasikia honi kwa mbali. Akafungua macho: "Hiyo ndiyo treni?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Tungepanda hiyo." Nililia, jamani.

Na kiukweli alikuwa sahihi kuliko mimi. Treni ina choo. Mtoto anakunywa anavyotaka, anakwenda anapotaka, ananyoosha miguu, analala kitandani. Kwa mtoto wa sikoseli hiyo ni kinga kabisa.

Reli yenyewe ni TAZARA, kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi kule Zambia, kilomita 1,860. Ilijengwa kuanzia 1970 kwa msaada wa China na ikakabidhiwa rasmi 1976. Wachina zaidi ya 60 walifariki kwenye kazi ile. Sisi wa Songea stesheni yetu ya karibu ni Makambako, kama kilomita 300 kwa lami. Na bahati yetu ni kwamba kipande kizuri kuliko vyote kinaanzia hapohapo. Kutoka Makambako kushuka Mlimba reli inateremka milima ya Udzungwa hadi bonde la Kilombero. Mahandaki ya reli nzima ni zaidi ya 20, na mengi yako kwenye kipande hiki. Kuna madaraja marefu, lile la mto Mpanga nguzo zake zina karibu mita 50. Huko ndiko mwanangu atapata jibu la swali lake.

Kwa hiyo hatuendi Dar. Tunakwenda Makambako hadi Ifakara basi, kwa dada yangu, tunalala siku tatu tunarudi. Likizo si lazima iwe ndefu ili mtoto aikumbuke.

Nilivyopanga mpaka sasa:

Mwezi. Likizo ya Juni ndiyo ndefu, lakini Juni na Julai Njombe na Makambako baridi linauma mifupa hata ya mtu mzima, na baridi ni adui namba moja wa mtoto huyu. Desemba ni mvua. Tumechagua likizo fupi ya Septemba.

Saa. Ukipiga simu stesheni usianze na nauli. Uliza: wiki hiyo treni ipo, na inapita Makambako saa ngapi? Ikipita usiku mtalipa hela muone giza. Jibu hilo ndilo litaamua kama milima tutaiona wakati wa kwenda au wa kurudi. Na treni ya masafa marefu huchelewa, kwa hiyo chakula na dawa beba za siku mbili zaidi.

Chumba. Daraja la kwanza vyumba vina vitanda vinne, la pili sita. Sisi tuko wanne, tunajaza cha kwanza. Dirisha tunafunga wenyewe upepo ukizidi.

Dawa. Foliki asidi, haidroksiurea kwa anayetumia, dawa ya maumivu kwa kipimo alichoandika daktari wake, kipimajoto. Zote kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na sweta, soksi na blanketi. Kadi ya kliniki na ya bima humohumo. Ifakara ni bondeni, malaria ipo, na malaria kwa mtoto huyu si homa ya kawaida. Neti tunabeba yetu, na dawa ya kinga ya malaria muulize daktari wa kliniki yenu kabla.

Tatizo lilikuwa baba yake. Alisikiliza yote kisha akauliza, "Akizidiwa katikati ya mahandaki, utashuka wapi?"

Nilikasirika, lakini usiku zamuni nikaona ana haki. Pale ni msitu na makorongo, treni haigeuzi. Hilo swali halijibiwi ukishapanda, linajibiwa kabla. Tukakubaliana hivi. Ndani ya wiki mbili kabla ya safari akiwa na homa au maumivu, hatuendi, bila mjadala. Tunafika Makambako siku moja kabla, anapumzika, anakunywa, asubuhi napima joto. Likiwa 38 au zaidi, au macho yamezidi njano, au tumbo upande wa kushoto limevimba, au anahema haraka, tunakwenda hospitali na si stesheni. Na Ifakara kuna Hospitali ya Rufaa ya St. Francis, nimeshamuuliza dada njia ya kufika usiku.

Nimemwambia pia mtoto mwenyewe kwamba inaweza kuahirishwa. Alinyamaza, akasema, "Ila haitafutwa?" Nikamwambia haitafutwa.

Kwa kilo zake 24 daktari alitupangia maji lita 2 na kidogo kwa siku. Wa kwako muulizie kliniki. Sasa nimenunua chupa ya lita moja, yeye amechora mistari kwa kalamu ya maki: Makambako, Mlimba, Ifakara. Anafanya mazoezi nayo hapa nyumbani. Jana saa kumi nilimsikia anamwambia dada yake, "Mimi nimeshafika Mlimba," kisha akakimbia chooni.

Mama unayesafiri na mtoto kwa basi wiki hii, hata kama mtoto wako hana ugonjwa wowote: mpe maji. Mwambie kondakta mapema kwamba una mtoto, beba kopo na kanga ya kumsitiri. Abiria wakikutazama vibaya, waache watazame.

Sehemu ya 4 nitaandika kuhusu chakula cha njiani kisichoharibika.