Figo na Hiari

Katika ukumbi wa mihadhara swali la kutoa figo hujibiwa upesi. Mwalimu akiuliza ni nani angekubali kutolewa figo moja ili ndugu yake apone, mikono mingi huinuka kabla hajamaliza kusema. Vijana ni wakarimu, tena wamesoma. Wajua ya kuwa mtu huzaliwa na figo mbili, kwamba moja yenye afya yatosha kusafisha damu ya mwili mzima, na kwamba ile ibakiayo hupanuka ikajitwika sehemu kubwa ya kazi ya mwenzake. Wale wachache wasioinua mikono hutazamwa kama waoga, au kama watu ambao elimu haijawaingia. Yafaa wasikilizwe, maana yamkini wao ndio waliolifikiria swali.

Amfikirie msomaji mwanafunzi mzaliwa wa Maruku, karibu na mji wa Bukoba, penye kituo cha utafiti kinachojulikana kwa habari za migomba. Kwao ni kibanjani: migomba juu, mibuni chini yake, na kando ya nyumba makaburi ya babu zake. Karo yake haikulipwa na mtu mmoja. Huyu aliuza kahawa, yule aliuza ng'ombe, na shangazi alitoa akiba aliyoificha. Mkoa wa Kagera ndiko walikotambuliwa wagonjwa wa kwanza wa ukimwi katika Tanzania, mwaka 1983, na miaka iliyofuata watoto wengi walilelewa na yeyote aliyesalia katika ukoo. Basi kijana huyu alilelewa na baba yake mdogo. Sasa figo za baba mdogo zimeshindwa kazi. Damu yake hana budi kusafishwa kwa mashine mara 3 kwa juma, saa 4 kila mara, naye hudhoofika. Ukoo unakutana. Hakuna amwambiaye kijana atoe. Wasema tu kwamba yeye ndiye mwenye nguvu, na yeye ndiye msomi. Halafu wananyamaza, na kimya hicho ni kizito kuliko amri.

Mambo haya zamani yalikuwa mbali. Kwa miaka mingi Mtanzania aliyehitaji figo ilimpasa kwenda ng'ambo, hasa India, na waliopata safari hiyo walikuwa wachache. Mwezi wa Novemba 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini, na mwaka 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa iliyoko Dodoma ikafuata. Ni heri kubwa. Lakini pamoja na heri hiyo swali limeingia majumbani, maana figo hupatikana kwa mtu aliye hai, na mtu huyo hutafutwa kwanza miongoni mwa ndugu.

Wahaya walikuwa na desturi ya undugu wa kuchanjiana damu, walioita omukago. Tunda moja la kahawa lina punje mbili. Kila mmoja alipaka punje yake damu ya mwili wake, akampa mwenziwe ameze, na tangu hapo walikuwa ndugu mpaka kufa. Mtu angeweza kudhani kuwa watu wenye urithi kama huo hawatashindwa na figo, kiungo ambacho hata umbo lake lafanana na punje. Lakini tofauti ni kubwa. Katika omukago kila mmoja alitoa na kila mmoja alipokea, na damu iliyotoka ilirudi mwilini baada ya siku chache. Figo huenda upande mmoja tu wala hairudi. Mpokeaji hana cha kulipa, na mtoaji, akiwa mlelewa kama kijana huyu, haijulikani kama anatoa au analipa.

Hofu nyingine ni za mwili, nazo si za kubezwa. Uchunguzi uliofanywa Marekani ulionyesha kuwa takriban watu 3 katika kila 10,000 waliotoa figo hufa kwa ajili ya upasuaji. Idadi ni ndogo, lakini anayeihesabu ni mtu aliyeingia hospitali akiwa mzima. Binti huwaza uzazi: walio wengi huzaa salama, ila shinikizo la damu wakati wa mimba huonekana zaidi kwa waliotoa. Tena mtoaji apaswa kupimwa kila mwaka, na aishiye shambani huenda asifike kwa mpimaji. Kuyaita mawazo haya ujinga ni kukosa adabu.

Tarehe 23 Desemba 1954, mjini Boston, daktari Joseph Murray na wenziwe walichukua figo ya Ronald Herrick wakampa Richard, pacha wake. Walikuwa na umri wa miaka 23. Richard aliishi miaka 8 zaidi, akaoa, akapata watoto. Ronald alifariki mwaka 2010. Murray alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1990. Hayo husimuliwa vyuoni. Lisilosimuliwa sana ni kwamba usiku wa kuamkia upasuaji Richard, aliyekuwa akifa, alimwandikia nduguye karatasi akimtaka aondoke arudi nyumbani. Ronald alijibu kwamba yupo na atabaki. Mgonjwa ndiye aliyeufungua mlango, na kwa sababu ulikuwa wazi, kubaki kwa Ronald kulikuwa hiari.

Nani atamfungulia mlango kijana wa Maruku? Baba mdogo pengine angefanya hivyo, lakini wazee wameketi kati yao. Katika hospitali nyingi zinazofanya kazi hii mtoaji huhojiwa peke yake, jamaa wakiwa nje, naye aweza kujitoa hata asubuhi ya upasuaji. Akijitoa, jamaa huambiwa tu kwamba amepimwa na hafai, wala sababu haitajwi. Wako wanaosema huo ni uongo wa daktari. Ikiwa ni uongo, basi ni uongo unaomrudisha kijana nyumbani akiwa bado na ndugu. Na akikubali baada ya kuoneshwa njia ya kutokea, amekubali kweli. Kwake yeye, pale penye chumba kidogo, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kibanjani kwao, huenda ikawa ndiyo mara ya kwanza kuulizwa akiwa peke yake.